Ndoo Hairudi Tupu

Injini ya mashua yao, Chidori, ilichemka kwa mara ya tatu siku ya Jumanne, maili mbili kabla ya kisiwa cha Hirase, na Masanobu akaizima. Kisha akanyoosha kidole chenye glovu nyeupe kuelekea saa ya joto, akatamka kwa sauti ya kazi, "Joto, limezidi. Injini, imezimwa." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ndivyo alivyofanya miaka arobaini akiendesha treni za Osaka, kila taa na kila saa huonyeshwa kidole na kutajwa kwa sauti ili jicho lisidanganye, na kustaafu hakukumwondolea mazoea hayo. Hata birika likichemka nyumbani alilinyooshea kidole. Fumie, mkewe, alikwisha kuzoea kuishi na mwanamume anayetangaza birika.

Wakapandisha tanga dogo la mbele, wakaingia bandarini taratibu kama wageni waliochelewa arusini, mvua ya Juni ikiwalowesha. Gati lilikuwa limejaa, kwa hiyo wakajisogeza ubavuni mwa boti ya mvuvi wa pweza. Mwenye boti, mzee mmoja mnene aliyeitwa Tokunaga, alikuwa amekaa juu ya kreti akipaka rangi boya. Aliwatazama wakihangaika na kamba, akatazama mvuke uliokuwa bado unatoka nyuma ya mashua yao.

"Mko salama?"

"Hamna neno," Masanobu akajibu.

Kwa Kijapani chao neno hilo ni daijobu, na lina nyuso mbili. Laweza kumaanisha kwamba nyumba ni nzima, na laweza kumaanisha kwamba nyumba inaungua ila wewe jirani usijisumbue. Kwa neno hilo watu hukataa chai, hukataa mfuko dukani, na wengine hukataa daktari. Masanobu alilijua kwa maana ya pili tu. Kumsumbua mtu, kwake, ilikuwa aibu kubwa kuliko kuzama.

Tokunaga akarudi kupaka boya lake.

Ni lazima niseme hapa kwamba mashua haikuwa wazo la Masanobu. Miaka miwili nyuma alipigwa na kiharusi kidogo. Madaktari walisema amepona, naye akasema amepona, na wote wakaukubali uongo ule isipokuwa mkono wake wa kushoto. Vidole vilikaa mahali pake lakini havikusikia kitu. Akishika kikombe ilibidi akitazame kuhakikisha bado anacho. Baada ya hapo alikaa mwaka mzima kwenye kiti kimoja, ghorofa ya nne huko Takatsuki, akiitazama televisheni hata ikiwa imezimwa. Fumie, ambaye hajui kuogelea na anatapika kwenye kivuko, ndiye aliyeona tangazo la mashua kuukuu ya matanga, akakumbuka kwamba mumewe ujanani alisafiri mara mbili na mashua ya rafiki yake na alizungumzia safari hizo mpaka akawachosha watu. Wakainunua. Mwezi wa Aprili wakang'oa nanga kuizunguka nchi nzima. Na mle ndani ya mashua nyembamba, penye harufu ya dizeli na soksi mbichi, mume wake akarudi. Alianza kula. Alianza kubishana naye kuhusu chumvi ya supu, na Fumie karibu alie kwa furaha.

Sasa, jioni ile ya Jumanne, Masanobu alikunja ramani kwa mkono mmoja, akamwambia mkewe bila kumtazama, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Mama Kaori, mbele yetu kuna mlango wa bahari wa Kurushima. Mkondo wa pale bila injini utatuchezea kama jani. Na mwezi ujao vimbunga vinaanza. Nikishindwa kuitengeneza mpaka Jumamosi adhuhuri, nampigia dalali aje aikokote. Tuiuze, twende nyumbani."

Fumie akasema amesikia. Hakuililia mashua. Alikuwa anakiona kile kiti.

Jumatano na Alhamisi Masanobu alizimaliza akiwa ameingiza kichwa kwenye kijumba cha injini, makalio nje. Alikwisha kubadilisha kigurudumu cha mpira cha pampu, kile chenye vidole sita kinachosukuma maji ya bahari kuipoza injini, maana cha zamani kilikutwa kimenyofoka. Akabadilisha mkanda. Akasafisha chujio, akatoa mwani na kipande cha mfuko wa plastiki. Kila alipomaliza aliwasha injini, akainama nyuma kutazama maji yanavyotemwa pamoja na moshi, akanyoosha kidole. "Maji, machache." Dakika ishirini baadaye, "Joto, limezidi."

Na kila saa Fumie alisikia mlio uleule: ti, kisha kimya. Ni skrubu imedondoka kutoka mkono wa kushoto kwenda kwenye maji ya ngama, chini kabisa ya mashua. Masanobu hakusema kitu, naye hakuuliza kitu. Mumewe alipolala kidogo baada ya chakula cha mchana, Fumie alifunga sumaku kwenye uzi, akazivua skrubu zote mojamoja, akazipanga kwenye kisahani mahali ambapo angeziona. Masanobu alipoamka alizikuta, akazitumia. Miaka arobaini na minne ya ndoa imejengwa kwa visahani vya namna hiyo. Lakini ndiyo hayo, mficha uchi hazai, na hawa wawili walikuwa wanauficha uchi mmoja kwa mikono minne.

Tokunaga alipita mara mbili akielekea kwenye boti yake. Mara zote aliuliza kama amwangalizie bwana injini, kwa kuwa injini alizijua tangu enzi za kuzungusha kwa mkono. Mara zote akajibiwa hamna neno. Mara ya pili alijikuna shingo na kumwambia Fumie kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona mtu asiye na neno akitoa jasho kiasi kile. Fumie akacheka kwa adabu, akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na moyoni alitamani kumvuta yule mzee kwa mkanda wa suruali mpaka ndani.

Haikuwezekana. Kilichowezekana ni adabu, na adabu Fumie alikuwa nayo tele. Siku ile ya kwanza alichukua boksi la biskuti za wali kutoka kwenye akiba yao ya zawadi, kwa maana hakuna mtu mwenye akili anayesafiri nchi ile bila akiba ya zawadi, akampelekea Tokunaga kushukuru kwa kuegemea boti yake. Basi. Angeishia hapo. Lakini Jumatano asubuhi walikuta ndoo ya buluu imening'inizwa kwenye reli yao, ndani mna samaki kumi na wawili juu ya barafu, na hakuna mtu.

Ndoo hairudi tupu. Hilo Fumie alilijua kabla ya kujua kusoma. Aliiosha, akaweka malimau sita aliyonunua bandari iliyopita, akairudisha. Alhamisi ndoo ikaja na matango na vitunguu vyenye udongo wa asubuhi ileile. Ikarudi na chupa ya plamu za chumvi alizotengeneza mwenyewe, akasikitika kidogo maana zilikuwa nzuri mwaka ule. Ijumaa ikaja na pweza aliyechemshwa, mwekundu, mzito, wa kulisha watu wanane.

"Mama Kaori, huyu mzee anataka kutufilisi kwa ukarimu," Masanobu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alitabasamu.

Fumie akatazama akiba ya zawadi. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, kopo la chai ya Uji, mji unaosifika kwa chai, amelifunga kwenye kitambaa cha buluu, pembe nne zimefundikwa juu vizuri. Alikuwa na haraka, pweza anatoa maji, mvua inaanza. Akachukua kifurushi cha buluu kilichokuwa karibu na ngazi, akakitia ndooni, akampelekea Tokunaga. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akainama, akakiweka kando bila kukifungua, maana zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Wakaongea kidogo kuhusu mvua.

Saa kumi alasiri Masanobu aliomba maji ya moto. Fumie alipofungua kabati kutafuta majani ya chai, alikutana na kitambaa cha buluu. Ndani mlikuwa na kopo la chai ya Uji.

Alikaa chini kwenye ngazi.

Shirika la reli lilikuwa na sheria: kifaa kilichoharibika hakitupwi mpaka ripoti yake iandikwe. Masanobu aliandika ripoti za mashua yake kwenye daftari, kwa kalamu ya risasi na rula, na vifaa vyake vibovu alivisafisha, akavifunga kwa kitambaa safi, akaviweka karibu na ngazi vingoje. Vitambaa vyenyewe Fumie alivinunua vinne vya rangi moja, kwa kuwa vilikuwa vinauzwa kwa bei ya kumalizia. Kwa hiyo mzee Tokunaga, aliyewapa samaki, matango na pweza, alikuwa ametunukiwa kwa heshima zote kigurudumu cha mpira kilichonyofoka vidole.

"Nini?" Masanobu akauliza.

"Hamna neno," Fumie akasema.

Kwenda kukidai hakuweza. Angesema nini? Rudisha zawadi yangu, nimekosea? Angemlazimisha mzee akiri kwamba ameshaifungua, au afanye haraka kuifungua, na vyote viwili vilikuwa vibaya. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Usiku ule hakulala vizuri, na alipolala aliota kile kiti.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na ndoo kwenye reli. Basi amekasirika, Fumie akawaza, na haki yake. Masanobu alikuwa amekwisha kuweka simu mezani, na kando yake kikaratasi chenye namba ya dalali, vimepangwa sambamba.

Saa tatu mashua ikainama upande mmoja. Tokunaga alikuwa amepanda. Alishuka ngazi kinyumenyume, akipumua, ndoo ya buluu mkononi, na ndani ya ndoo hamkuwa na samaki bali spana, bisibisi na taa ya kichwani. Mkono wa pili ulishika kitambaa cha buluu kilichokunjwa vizuri, na juu yake kigurudumu cha mpira.

Fumie akainama mpaka paji la uso likakaribia meza. Akaanza kuomba radhi, kwamba ni makosa yake, kwamba chai ndiyo hii hapa, kwamba haya hayasemeki.

"Mama, inuka," Tokunaga akasema. "Mke wangu alidhani ni kifaa cha kukandia miguu. Amekizungusha jana jioni nzima akitafuta maelezo."

Masanobu alikitazama kigurudumu, akamtazama mkewe, na uso wake ukabadilika rangi mara mbili. Kisha akasimama wima. "Mzee, samahani sana kwa usumbufu. Sisi hamna neno, tafadhali usihangaike."

"Sijakuuliza kama una neno. Nimepewa zawadi, nimekuja kurudisha. Au huko mjini kwenu ndoo hurudi tupu?"

Kumkatalia mtu msaada unaweza, hata ni uungwana. Kumkatalia mtu kurudisha zawadi ni kumtukana yeye na baba yake.

Tokunaga akaketi bila kukaribishwa, akaweka kigurudumu mezani mbele ya Masanobu. "Haya, dereva. Gurudumu hili huzaliwa na vidole vingapi?"

"Sita."

"Hiki kina vingapi?"

Masanobu akanyoosha kidole, akahesabu kimoyomoyo. "Vinne."

"Viwili viko wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga sitaha. Masanobu akasema polepole kwamba alidhani vimetoka na maji, vimekwenda baharini.

"Vitatokaje? Mlango wa kutokea ni mwembamba kuliko vyenyewe. Vimeingia kwenye rejeta, vimeziba mirija, vinakuchekea mle ndani siku nne. Wewe unabadilisha kila kitu, vyenyewe vimelala."

Huo ndio ulikuwa ubovu wote. Masanobu, dereva ambaye hakuwahi kuondoka kituoni bila kuhesabu milango, hakuhesabu vidole.

Lakini kujua si kutoa. Rejeta ya Chidori ilikuwa nyuma ya injini, kwenye pembe ambako aliyeiweka hakufikiria kwamba kuna siku itafunguliwa. Tokunaga alijaribu kupenya, tumbo likagoma. Ilibidi Masanobu aingie, alale ubavu, mkono wa kulia ushike spana nyuma, wa kushoto ukamate kifuniko na nati zake nne zisidondoke. Zikidondoka pale haziingii kwenye ngama ya kuvulika kwa sumaku. Zinaingia chini ya injini, na injini haiinuliwi Hirase.

Alivaa taa ya kichwani. Akapiga magoti mbele ya kijumba. Halafu hakuingia.

Fumie alikuwa amesimama nyuma yake na alijua anachokiwaza. Alitaka kusema kitu cha kumwokoa, kwamba amechoka, kwamba taa ni hafifu, uongo wowote ule mdogo, kama visahani vyake vya skrubu. Uongo ukafika ulimini. Akaumeza.

Masanobu akavua glovu. Akanyoosha kidole cha mkono wa kulia kuelekea mkono wake wa kushoto, kama anavyoonyesha saa ya joto, akatamka kwa sauti ileile ya kazi:

"Mkono wa kushoto, hauna nguvu. Vidole, havisikii." Akamgeukia Tokunaga. "Siwezi kuifungua hii. Naomba msaada."

Fumie hakuwahi kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwake, si hospitalini, si nyumbani. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta.

Tokunaga hakushtuka wala hakumfariji. Aliutazama ule mkono kama anavyotazama nyavu, aone pa kuanzia. "Sawa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwembamba hapa nani?"

Wote wawili wakamgeukia Fumie.

Akaingia. Mtu asiyejua kuogelea, anayetapika kwenye kivuko, alilala ubavu juu ya mbao zenye mafuta, Masanobu amelala nyuma yake akimulika taa begani mwake na kumwelekeza sikioni nati ipi kwanza, na Tokunaga kutoka juu akitoa amri na kulalamika kuhusu watu wanaotengeneza mashua kwa ajili ya paka. Nati ya kwanza. Ya pili. Ya nne ilimtoa ngozi ya kidole. Kifuniko kikaachia, maji ya kutu yakammwagikia kifuani, na nyuma yake, kwenye midomo ya mirija, kulikuwa na kitu cheusi kimejibana.

Koleo la Tokunaga halikufika. Fumie akafikiri kidogo, akaomba aletewe kibanio chake cha kung'olea miiba ya samaki, kile cha droo ya pili. Masanobu akakileta mbio. Akabana, akavuta taratibu kama anavyovuta mwiba kwenye mnofu wa samaki bila kuuchana, na kidole cha kwanza cha mpira kikatoka. Cha pili kilikuwa ndani zaidi. Alikivuta mara tatu.

"Kidole cha tano," Masanobu akatamka. "Kidole cha sita." Sauti ya kazi ikamkatikia katikati.

Walipomaliza kufunga ilikuwa saa sita kasoro. Masanobu aliwasha injini, wote watatu wakaenda nyuma kuinama mvuani kama kuku. Maji yalitemwa mazito, yenye nguvu, yakikohoa pamoja na moshi. Wakangoja dakika ishirini. Wakangoja arobaini, wakala pweza. Masanobu akaonyesha saa ya joto kidole, na safari hii Tokunaga naye akanyoosha chake kinene, wakatamka pamoja: "Joto, sawa."

Simu ilibaki mezani. Saa nane Fumie alikichukua kikaratasi cha dalali, akakunjia majani ya chai yaliyokwisha kutumika, akatupa.

Waliondoka Jumatatu na mkondo wa asubuhi. Tokunaga alizifungua kamba zao mwenyewe, na dakika ya mwisho, Chidori ikiwa imeshaachana na boti yake kwa kiasi cha mkono, akaitupa ndoo ya buluu sitahani. Ndani mlikuwa na viazi. Fumie akapiga kelele kwamba ndoo, ndoo yako mzee.

"Ndiyo, yangu," Tokunaga akasema. "Mnajua inavyorudi."

Masanobu akampungia mkono wa kulia, kisha, baada ya kufikiri kidogo, akauinua na wa kushoto.

Mlango wa Kurushima waliupita bila injini kuongezeka joto hata kidogo. Jioni yake, kabla jua halijazama, waliingia bandari nyingine ndogo ambako hawakumjua mtu. Upepo ulikuwa unawasukuma kando, kamba inataka mikono miwili mizima, na Fumie alikuwa kwenye usukani. Mtu mmoja aliyekuwa anaosha kreti gatini akainua kichwa.

"Mko salama?" akauliza.

Fumie alimwona mumewe akisimama mbele na kamba, akiutazama mkono wake wa kushoto kama anayehakikisha bado anao.

"Hapana," Masanobu akamjibu kwa sauti iliyofika gatini. "Mkono wangu huu ni mbovu. Naomba utushikie kamba."

Yule mtu akaacha kreti, akaja mbio. Kamba ikarushwa, ikadakwa. Fumie akazima injini, akaitazama ndoo ya buluu pale miguuni pake, akaanza kufikiria ataweka nini.